Ukombozi wa Mkataba katika Mpira wa Kikapu wa Kulipwa: Hesabu, Kanuni na Mjadala wa Mashabiki kuhusu Usajili wa NBA

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utaratibu unaomwezesha mchezaji wa Ligi ya Taifa ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA) kuachana na timu yake kabla mkataba haujaisha, kwa kusamehe sehemu ya mshahara aliohakikishiwa. Utaratibu huo, unaoitwa hapa ukombozi wa mkataba, huzua mjadala mkali miongoni mwa mashabiki kila msimu. Kwa kutumia matukio yanayofahamika kwa umma kati ya mwaka 2005 na 2025, makala yanaonesha kwamba mjadala huo huendeshwa zaidi kwa lugha ya uaminifu na usaliti, ilhali muamala wenyewe huamuliwa na hesabu ya kikomo cha mishahara. Hoja kuu ni kwamba mashabiki wengi hukosea wanapojibu swali la nani anapoteza fedha, lakini wako sahihi wanapouliza mchezaji aliyeachwa anakwenda wapi. Mabadiliko ya kanuni ya mwaka 2005, 2011 na 2023 yote yaligusa swali hilo la pili.

1.0 Utangulizi

Katika kalenda ya NBA, ligi yenye timu 30, siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji huangukia kwa kawaida mwezi Februari. Siku hiyo ikishapita, timu inayotaka kuongeza nguvu kabla ya hatua ya mtoano haina tena wa kubadilishana naye. Inabaki kutazama wachezaji huru. Ndipo huanza kipindi kifupi ambamo wachezaji wazoefu, wengi wao wakiwa katika timu zilizokwisha kukata tamaa ya ubingwa, huafikiana na waajiri wao waachwe huru. Baada ya siku chache, baadhi yao huonekana wakiwa wamevaa jezi za timu zinazowania taji.

Kwa shabiki, tukio hilo lina sura zaidi ya moja. Wapo wanaoliona kuwa ni usaliti wa mchezaji aliyelipwa fedha nyingi. Wapo wanaoliona kuwa ni haki ya mfanyakazi kuondoka mahali ambapo kazi yake haitakiwi tena. Wapo pia wanaoliona kuwa ni uchochoro ambao timu zenye uwezo hupitia ili kupata wachezaji ambao kanuni za mishahara zisingewaruhusu kuwapata kwa njia nyingine. Misimamo hii mitatu hugongana kila mwaka, na mara nyingi wahusika hawabishani juu ya jambo moja, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali tofauti na la mwenzake.

Suala hili lina uzito unaozidi mabishano ya vijiweni. Bidhaa kuu ambayo ligi ya kulipwa huiuza ni mchezo ambao mshindi wake hajulikani mapema. Iwapo watazamaji wataamini kwamba wachezaji bora hukusanyika kwa timu zilezile kila Machi, thamani ya bidhaa hiyo itashuka. Kwa upande mwingine, iwapo ligi itamzuia mchezaji asiyetakiwa kwenda anakotaka, itakuwa imemnyima mfanyakazi uhuru uliopatikana kwa mapambano ya miaka mingi ya chama cha wachezaji. Makala haya yanaeleza kwanza jina na utaratibu, kisha yanachambua mfano mmoja kwa tarakimu, na mwisho yanapima hoja za mashabiki kwa kuzilinganisha na utaratibu huo.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Uchambuzi huu unaongozwa na mawazo ya Albert Hirschman katika kitabu chake cha mwaka 1970 kiitwacho Exit, Voice, and Loyalty. Hirschman anaeleza kwamba mtu asiyeridhika na taasisi aliyomo ana njia mbili kubwa: kuondoka, au kubaki na kupaza sauti. Uaminifu, kwa maoni yake, huchelewesha kuondoka na kuipa sauti nafasi ya kufanya kazi.

Nadharia hii inafaa kwa sababu inabainisha tofauti ya msingi kati ya mchezaji na shabiki. Mchezaji anaweza kuondoka, ingawa kuondoka huko kuna bei. Shabiki hana njia ya kuondoka iliyo rahisi, kwa kuwa timu ya mji aliokulia haibadilishwi kama mtu anavyobadilisha duka la kununulia sukari. Kilichobaki kwake ni sauti. Kwa hiyo, ukali wa mjadala wa mashabiki kuhusu ukombozi wa mkataba hautokani na ushabiki mtupu. Unatokana na nafasi yao ya kuwa upande pekee usioweza kuondoka.

3.0 Suala la Istilahi

Kiswahili cha michezo kimejengwa zaidi na soka, na maneno yake hubeba utaratibu wa soka. Msemo “kununua mkataba” humfanya msikilizaji afikirie klabu ya pili inayolipa fedha ili impate mchezaji. Katika NBA hakuna timu ya pili inayolipa chochote kwa timu ya kwanza wakati mchezaji anapoachana nayo kwa njia hii. Msemo “kuvunja mkataba” nao huleta picha ya upande mmoja unaokata uhusiano bila ridhaa ya mwenzake. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka shauri la kiungo wa Yanga, Feisal Salum, ambaye Desemba 2022 aliweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu yake akitaka kuvunja mkataba. Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) iliamua kwamba bado alikuwa mchezaji wa Yanga, na Juni 2023 alihamia Azam FC. Katika shauri hilo mchezaji alitaka kutoa fedha, klabu haikuridhia, na mkataba haukuvunjika kwa njia aliyoitaka. Utaratibu wa NBA unahitaji ridhaa ya pande zote mbili, na mchezaji hatoi fedha mfukoni, bali anasamehe sehemu ya fedha anazodai.

Neno “kutemwa”, linalopendwa na magazeti, nalo halitoshelezi. Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies, alihamishwa mwaka 2014 kutoka Oklahoma City Thunder kwenda Philadelphia 76ers, ambayo ilimwacha mara moja. Mshahara wake wa msimu huo haukuwa na dhamana. Timu haikuwa na deni la kujadili. Huko ndiko kutemwa. Mchezaji mwenye mshahara uliohakikishwa yuko katika hali nyingine kabisa, kwa sababu hata akiachwa leo bado anadai kila senti.

Makala haya yanatumia “ukombozi wa mkataba”. Kitenzi kukomboa kinafahamika kwa maana ya kutoa mali ili kukifungua kilichofungwa, kama shamba lililowekwa rehani. Mfano ulio karibu zaidi unapatikana katika sheria ya ndoa ya Kiislamu, ambamo mke anaweza kujivua katika ndoa kwa khului, yaani kwa kurudisha mahari au sehemu yake na mume akaridhia. Ulinganisho huu una mipaka yake, lakini unaonesha mambo matatu yaliyo muhimu: anayetaka uhuru ndiye anayeacha mali, upande wa pili lazima uridhie, na kiasi kinachoachwa hutokana na maafikiano.

4.0 Namna Ukombozi wa Mkataba Unavyofanyika

4.1 Misingi ya Kifedha

Uhusiano wa timu na wachezaji hutawaliwa na mkataba wa hali bora unaosainiwa kati ya ligi na chama cha wachezaji. Mkataba unaotumika sasa ulianza Julai 2023. Nguzo yake mojawapo ni kikomo cha mishahara, kilichoanza msimu wa 1984–85 kikiwa dola milioni 3.6 kwa timu na kufikia takriban dola milioni 154.6 msimu wa 2025–26. Kikomo hiki si ukuta. Timu inaweza kukivuka kwa njia zilizoruhusiwa, lakini kadiri inavyokwenda juu ndivyo inavyokutana na kodi ya anasa, kisha kizingiti cha kwanza na kizingiti cha pili, ambavyo hupunguza njia za kusajili wachezaji wapya.

Mshahara wa mchezaji aliyeachwa huendelea kuhesabiwa ndani ya kikomo cha timu iliyomwacha. Kwa sababu hiyo, kumwacha mchezaji mwenye mshahara uliohakikishwa hakuipi timu nafuu yoyote ya hesabu, isipokuwa mchezaji huyo akubali kupunguza deni lake.

4.2 Hatua za Utekelezaji

Kwanza, wakala wa mchezaji na uongozi wa timu huafikiana kiasi kitakachosamehewa. Pili, timu humwacha mchezaji rasmi, naye huwekwa katika orodha ya walioachwa kwa saa 48. Ndani ya muda huo, timu nyingine yoyote yenye nafasi ya kutosha kihesabu inaweza kumchukua pamoja na mkataba wake kama ulivyo, na zikijitokeza timu zaidi ya moja, yenye rekodi mbaya hupewa kipaumbele. Tatu, saa 48 zikipita bila timu kujitokeza, anakuwa mchezaji huru na anaweza kusaini popote. Kuna sharti la tarehe: katika kalenda ya kawaida, mchezaji aliyeachwa baada ya Machi 1 hawezi kuichezea timu mpya katika hatua ya mtoano ya msimu huo.

Hatua ya pili inastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndipo ulipo mzizi wa malalamiko. Kwa maandishi, orodha ya walioachwa inazipa timu dhaifu nafasi ya kwanza. Kwa vitendo, mchezaji anayelipwa dola milioni 30 hachukuliwi na mtu, kwa sababu anayemchukua lazima abebe mshahara wote. Ukubwa wa mshahara wake unamlinda asichukuliwe na timu asiyoitaka. Saa 48 baadaye mchezaji huyohuyo anaweza kusaini kwa kima cha chini cha mshahara, na wakati huo timu zote zina uwezo wa kumlipa. Kwa kuwa bei imekuwa moja kila mahali, kinachobaki kumvutia ni nafasi ya ubingwa, jiji, na dakika za kucheza. Timu dhaifu haina hata kimoja cha kutoa isipokuwa dakika.

4.3 Maslahi ya Pande Mbili

Timu hukubali kwa sababu inaokoa fedha, inafungua nafasi moja kati ya 15 za kikosi, inawapa vijana muda wa kucheza, na inalinda sifa yake mbele ya mawakala. Mchezaji hukubali kwa sababu umri wake wa kazi ni mfupi. Msimu mmoja wa kukaa benchi katika timu inayojijenga upya unaweza kumgharimu mkataba ujao.

Aidha, kanuni zinaipa timu ya kwanza haki ya kukata sehemu ya deni pale mchezaji anapopata mshahara kwingine. Kiasi kinachokatwa ni nusu ya tofauti kati ya mshahara mpya na kima cha chini cha mchezaji mwenye uzoefu wa mwaka mmoja. Haki hii inaweza kuondolewa kwa maafikiano, na mara nyingi ni sehemu ya mazungumzo ya ukombozi.

5.0 Mfano wa Uchambuzi: Bradley Beal na Phoenix Suns, 2025

Mfano huu umechaguliwa kwa sababu unaonesha wazi kwamba kiasi kinachosamehewa kinaweza kuamuliwa na kanuni kuliko hisia. Beal alihamia Phoenix Suns mwaka 2023 kutoka Washington Wizards, akiwa na mkataba wenye kifungu adimu kinachompa haki ya kukataa kuhamishwa. Kufikia Julai 2025 alikuwa anadai takriban dola milioni 110.8 kwa misimu miwili. Suns, iliyokosa hatua ya mtoano, haikuweza kumhamisha bila ridhaa yake.

Njia iliyobaki ilikuwa kumwacha na kutandaza malipo. Kanuni inaruhusu deni la mchezaji aliyeachwa ligawanywe kwa idadi ya miaka iliyobaki mara mbili, kisha uongezwe mwaka mmoja. Miaka miwili mara mbili ni minne. Ukiongeza mmoja ni mitano. Hata hivyo, kanuni nyingine inasema kwamba jumla ya malipo yaliyotandazwa isizidi asilimia 15 ya kikomo cha mishahara katika msimu wowote. Kwa msimu wa 2025–26, asilimia 15 ya dola milioni 154.6 ni takriban dola milioni 23.2. Suns tayari ilikuwa na takriban dola milioni 3.8 za wachezaji wawili iliokuwa imewaacha awali kwa utaratibu huohuo. Nafasi iliyobaki ilikuwa takriban dola milioni 19.4 kwa mwaka, ambayo kwa miaka mitano ni dola milioni 96.9.

Tofauti kati ya milioni 110.8 na milioni 96.9 ni milioni 13.9, na hicho ndicho kiasi ambacho Beal alikisamehe. Kwa maneno mengine, asingesamehe kiasi hicho, utandazaji usingewezekana kabisa. Beal alisaini na Los Angeles Clippers kwa takriban dola milioni 11 kwa misimu miwili, hivyo pengo halisi katika mapato yake likawa takriban dola milioni 3. Suns ilishuka chini ya kizingiti cha pili, lakini ikabaki na deni la dola milioni 19.4 kila msimu hadi 2029–30 kwa mtu anayecheza kwingine.

Shabiki anayesema kwamba Beal alichota fedha za bure amesahau milioni 13.9. Anayesema kwamba Beal alijitoa mhanga amesahau milioni 11. Anayesema kwamba Suns ilijikomboa amesahau misimu mitano. Kauli zote tatu zina ukweli nusu, na nusu ya pili inapatikana kwa kukokotoa tu.

6.0 Hoja za Mashabiki na Uzito Wake

6.1 Hoja ya Uaminifu

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Blake Griffin. Machi 2021 aliafikiana na Detroit Pistons, akasamehe takriban dola milioni 13.3, kisha akasaini na Brooklyn Nets kwa kima cha chini. Akiwa Detroit alikuwa hajaruka na kuupachika mpira kikapuni kwa mkono tangu Desemba 2019. Katika mchezo wake wa kwanza Brooklyn alifanya hivyo. Kwa mashabiki wa Detroit, kitendo hicho kimoja kilitosha kuwa ushahidi kwamba alikuwa amezuia nguvu zake.

Hoja hii ina mvuto, lakini inaacha nje mambo mawili. Griffin alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na msimu wa 2018–19 aliiongoza Pistons hadi hatua ya mtoano na kuchaguliwa katika kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi. Pia, uaminifu hudaiwa upande mmoja tu. Mwaka 2017 Clippers ilimshawishi Griffin abaki kwa kumwandalia hafla ya kuigiza kutundikwa kwa jezi yake uwanjani, kana kwamba angestaafia hapo. Alisaini kwa miaka mitano. Januari 2018, kabla hata msimu wa kwanza haujaisha, timu hiyo ilimpeleka Detroit. Katika ligi ambayo timu inaweza kumhamisha mfanyakazi bila kumuuliza, ni vigumu kumlaumu mfanyakazi anayetumia mlango pekee ambao mwajiri amekubali kuufungua.

6.2 Hoja ya Fedha

Hoja ya pili ni kwamba mchezaji hulipwa ili asicheze. John Wall hakucheza mchezo wowote wa Houston Rockets msimu wa 2021–22 ingawa alikuwa na afya, kwa maafikiano na timu iliyotaka kuwapa vijana nafasi, na alilipwa takriban dola milioni 44.3. Juni 2022 alisamehe takriban dola milioni 6.5 kati ya milioni 47.4 za msimu uliofuata, kisha Clippers ikamlipa karibu kiasi hichohicho. Kilichotoka upande mmoja kilirudi upande mwingine.

Mfano huu unawapa mashabiki sababu ya kushangaa, lakini gharama yake halisi haikuwa kwa Wall. Mkataba wake ulisainiwa mwaka 2017 na timu nyingine, Washington Wizards, na Rockets iliupokea kwa hiari katika mabadilishano ya mwaka 2020. Deni lilikuwapo kabla ya ukombozi na lingekuwapo bila ukombozi. Wa kuulizwa ni waliosaini na waliopokea.

6.3 Hoja ya Usawa

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Brooklyn Nets ya mwaka 2021 ilikuwa tayari na Kevin Durant, Kyrie Irving na James Harden. Baada ya Griffin, wiki chache zilizofuata ilimpata pia LaMarcus Aldridge, aliyekombolewa kutoka San Antonio Spurs kwa kusamehe takriban dola milioni 7.25. Msimu huo kalenda ilisogezwa mbele kutokana na janga la UVIKO-19, ndiyo maana mambo haya yalitokea hadi mwishoni mwa Machi. Kwa mashabiki wa timu 29 nyingine, ilionekana kama timu moja imepewa ghala.

Matokeo ya uwanjani yanataka tahadhari. Aldridge alicheza michezo mitano tu kabla ya kutangaza kustaafu kwa tatizo la mapigo ya moyo, ingawa baadaye alirejea. Nets ilitolewa na Milwaukee Bucks, timu ya jiji dogo, ambayo ndiyo iliyotwaa ubingwa. Mwaka huohuo Los Angeles Lakers ilimsaini Andre Drummond baada ya kukombolewa Cleveland, ikatolewa katika raundi ya kwanza. Hata hivyo, ipo mifano ya upande wa pili. Peja Stojakovic alikombolewa kutoka Toronto Raptors Januari 2011, na Juni mwaka huo alikuwa bingwa na Dallas Mavericks. Kevin Love, aliyeachana na Cleveland Cavaliers Februari 2023, alifika fainali na Miami Heat.

Mifano hii haioneshi kwamba ukombozi huleta ubingwa. Inaonesha kwamba unasogeza wachezaji upande mmoja: kutoka timu zinazoshindwa kwenda timu zinazoshinda, karibu bila gharama kwa anayepokea. Shabiki anayelalamikia mwelekeo huo analalamikia kitu kilichopo, hata kama mchezaji husika atashindwa kufunga kikapu.

7.0 Kanuni Zilivyoitikia

Ushahidi kwamba swali la usawa lina msingi unapatikana katika historia ya kanuni zenyewe. Februari 2005 Boston Celtics ilimpeleka Gary Payton Atlanta Hawks katika mabadilishano yaliyomleta Antoine Walker. Hawks ilimwacha Payton, naye akarejea Boston. Celtics ikawa imempata Walker bila kumpoteza Payton. Mkataba wa hali bora wa mwaka 2005 uliweka sharti kwamba mchezaji aliyehamishwa ndani ya msimu kisha akaachwa asubiri siku 30 kabla ya kurudi alikotoka.

Siku 30 hazikutosha. Februari 2010 Cleveland Cavaliers ilimpeleka Zydrunas Ilgauskas Washington ili kumpata Antawn Jamison. Washington ilimkomboa, na siku 30 zilipotimia alirudi Cleveland, kabla ya hatua ya mtoano. Mkataba wa mwaka 2011 uliongeza muda huo hadi mwaka mmoja, au hadi Julai 1 baada ya mkataba wake kuisha, na mlango wa kurudi ukafungwa kwa msimu mzima.

Mkataba wa mwaka 2023 ulikwenda mbali zaidi. Timu iliyo juu ya kizingiti cha kwanza hairuhusiwi kumsaini mchezaji aliyeachwa ndani ya msimu huo iwapo mshahara wake wa awali ulizidi kiwango cha msamaha wa kati. Kwa msimu wa 2023–24 kizingiti hicho kilikuwa takriban dola milioni 172.3, na kiwango cha msamaha takriban dola milioni 12.4. Kwa kanuni hii, Griffin na Aldridge wasingeweza kusajiliwa na timu yenye gharama kama za Nets ya 2021.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia kuhusu kanuni hizi. Kwanza, hakuna hata moja inayomzuia mchezaji kujikomboa wala kupunguza kiasi anachoweza kukubaliana na timu yake. Uhuru wa kuondoka umeachwa kama ulivyokuwa. Kilichobanwa ni anakoelekea. Pili, kanuni ya 2023 inahusu walioachwa ndani ya msimu. Beal aliachwa Julai, na katika majira hayohayo Deandre Ayton alikombolewa kutoka Portland Trail Blazers na kwenda Lakers. Ukombozi wa majira ya kiangazi ulikuwapo kabla ya kanuni hiyo, kama mfano wa Wall unavyoonesha, na haujaguswa nayo. Iwapo mjadala wa mashabiki utahamia huko, haitakuwa ajabu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ukombozi wa mkataba katika NBA ni maafikiano ya pande mbili ambamo mchezaji husamehe sehemu ya deni ili apate uhuru, na timu hupata nafuu ya hesabu. Istilahi za soka zilizozoeleka katika Kiswahili huficha sifa hizo, na ndiyo sababu ya kupendekeza istilahi inayobeba maana ya kujifungua kwa kuacha mali. Tarakimu za mfano wa Beal zimeonesha kwamba kiasi kinachosamehewa kinaweza kutokana moja kwa moja na kifungu cha kanuni.

Kuhusu mjadala, hoja ya uaminifu na hoja ya fedha zinadhoofika zikipimwa kwa utaratibu wenyewe, kwa kuwa timu ndizo zilizosaini mikataba na ndizo zenye uwezo wa kuhamisha watu bila ridhaa. Hoja ya usawa inabaki imara, na mara tatu katika kipindi cha miaka 18 ligi na chama cha wachezaji wamerekebisha kanuni katika eneo hilohilo. Kwa kurejelea mawazo ya Hirschman, mchezaji ana njia ya kuondoka na ameendelea kuwa nayo. Shabiki hana njia hiyo, na sauti yake husikika vizuri zaidi inapouliza kuhusu mwelekeo wa wachezaji kuliko inapohukumu nyoyo zao. Watafiti wa Kiswahili cha michezo wana kazi ya kuyapa maswali hayo msamiati sahihi, hasa sasa ambapo Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika (BAL), iliyoanza kuchezwa Kigali mwaka 2021, imeuleta mchezo huu wa kulipwa karibu na wasemaji wa lugha hii, na mikataba yake itahitaji kusomwa, kujadiliwa na kueleweka.